Kukata chuma uani: grenda, msumeno au plazma?

Anayeanza kuchomelea nyumbani huuliza kwanza mashine yake ina amperi ngapi. Suala la kukata huja baadaye, akiwa dukani na grenda mkononi, muuzaji akimhakikishia kuwa hiyo ndiyo wanayochukua mafundi wote. Anarudi nyumbani, anakata bomba la mraba la 40 kwa 40 lenye ukuta wa milimita 1.5 kwa kukadiria kwa jicho. Ncha zinatoka mshazari, na kati ya kipande na kipande panabaki uwazi wa milimita 3. Rodi ya 2.5 haizibi uwazi huo, inautoboa. Ukuta mwembamba unayeyuka na kurudi nyuma, tundu linapanuka, lawama zinaiangukia mashine ya kuchomelea. Kumbe kiungo kiliharibika kabla rodi haijawaka.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kifaa, tazama utakata nini. Kazi za uani Mtwara na Lindi zinajulikana: grili za madirisha, geti dogo, banda la kuku, stendi ya tanki la maji, chanja ya kuanikia dagaa, jiko la mkaa, kitoroli cha kubebea magunia ya korosho. Chuma chake ni bomba la mraba, ambalo wengi wanaliita skwea paipu, la 20 hadi 40 lenye ukuta wa milimita 1.2 hadi 2, chuma cha pembe cha milimita 3 hadi 5, flati baa, nondo za 8 hadi 16, na shiti ya milimita 1 au 2. Ukiacha nondo, ni nadra sana kukutana na unene unaozidi milimita 6. Hilo peke yake linaondoa nusu ya vifaa ambavyo watu huvitamani.

Jiliwa kabla ya yote

Ushauri huu haupendwi, kwa sababu jiliwa, kile kifaa cha mezani cha kubania chuma, halitoi cheche wala halina waya. Lakini chuma kisichobanwa hakikatiki sawa kwa kifaa chochote. Jiliwa la chuma lenye mdomo wa milimita 100 hadi 125, lililofungwa kwa bolti nne kwenye meza nzito isiyoyumba, litakufaa zaidi ya grenda ya pili. Ongeza klampu mbili, guni la chuma (kipimo cha pembe mraba), futi isiyolegea kwenye kulabu yake, na kitu chenye ncha kali cha kuchorea mstari. Chaki huacha mstari wa milimita 2 au 3, na hapo hujui ukate upande gani wake.

Bomba la mraba huchorwa pande zote nne. Weka guni upande wa kwanza, chora. Geuza, endeleza mstari kutoka ulipoishia. Mstari wa nne ukikutana na wa kwanza, alama yako ni sahihi. Usipokutana, ama guni limepinda ama uliliegemeza kwenye kona yenye takataka. Dakika moja ya kuchora hivi inaokoa robo saa ya kusaga ncha.

Grenda ndogo, na kwa nini si kubwa

Kwa chuma tulichokitaja, grenda ya diski ya milimita 115 au 125, yenye wati 850 hadi 1,100, ndiyo kifaa cha kwanza cha umeme. Inakata, inasaga kiungo, inaondoa kutu na rangi. Zipo pia za milimita 100, nazo zina bei nafuu, ila tundu la katikati la diski zake ni milimita 16, wakati za 115 na 125 ni milimita 22.23. Hakikisha diski zinazopatikana karibu nawe ni za tundu la grenda yako. Kuweka diski ya tundu kubwa kwenye ekseli nyembamba kwa kuzungushia kipande cha bati ni kuiacha ikae nje ya kitovu, na diski isiyokaa katikati hutetemeka mpaka ipasuke.

Grenda ya milimita 230 ina kilo 5 au zaidi na wati 2,000 na kitu. Ikibana, mkono hauizuii. Ni ya mtu anayekata zege au vyuma vinene mchana kutwa, na uani haina kazi ya kutosha kuhalalisha hatari yake.

Kosa baya kuliko yote linaanzia kwenye tofauti hiyo ya ukubwa: kuvua gadi ya grenda ndogo, yaani kinga inayofunika diski, ili diski kubwa iingie. Grenda ndogo huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Kwa diski ya 115, ukingo unakwenda mita 66 kwa sekunde. Weka ya 180 kwenye mashine hiyohiyo, ukingo unafika mita 104; weka ya 230, unazidi mita 130. Diski za kawaida zimetengenezwa kustahimili mita 80 kwa sekunde, basi. Ndiyo maana diski ya 115 huandikwa mizunguko 13,300 na ile ya 230 huandikwa 6,600 hivi. Linganisha namba ya diski na ya mashine kila ununuapo. Ya diski lazima iwe sawa na ya mashine au iizidi.

Grenda hupiga teke hasa pale mkato unapofumba. Chukua bomba lililolazwa juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, nawe unakata katikati. Kadiri chuma kinavyopungua, bomba linalegea kwa uzito wake, kingo za juu za mkato zinakaribiana na kuikaba diski. Mota haijui kuwa diski imekabwa. Inaendelea kusukuma, na nguvu hiyo inairusha mashine kumwelekea aliyeishika. Diski nyembamba hapohapo huvunjika. Tiba yake ni kulibana bomba karibu na mstari, upande mmoja tu, na kuacha kipande kinachokatwa kining'inie huru ili mkato ufunguke wenyewe. Kipande kikiwa kirefu, kiwekee egemeo linaloshuka nacho, si linalokisukuma juu. Simama pembeni ya mstari wa diski, mikono miwili, mshikio wa pembeni umefungwa. Anza kukata diski ikishafika kasi yake kamili, na usikate mkunjo: diski ya kukatia hujua mstari mnyoofu tu.

Bomba la 40 halikatiki mara moja kwa diski ya 115, kwa sababu kichwa cha mashine hugota kwenye chuma diski ikiwa imezama milimita 30 hivi. Hata ingezama yote, kugeuza ni bora. Pitisha diski juujuu kwenye mstari wa pande zote nne kwanza, upate mfereji mdogo, kisha kata ukuta mmoja mmoja. Mkato unakuwa mraba, na diski haishiki zaidi ya unene wa ukuta mmoja.

Diski yenyewe, na unyevu wa pwani

Wengine huiita jiwe. Kwa kweli ni chembe ngumu zilizogandishwa kwa resini, na ndani yake mna wavu wa nyuzi za kioo. Ya milimita 1 au 1.2 hukata haraka kuliko ya 3, jambo linaloshangaza wanaodhani unene ni nguvu. Mkato wa milimita 3 unageuza kuwa vumbi chuma karibu mara tatu ya ule wa milimita 1, na mota ndiyo inayolipa. Diski nene pia huchoma kingo zikawa za bluu na kuacha makali mengi ya kusaga. Ubaya wa nyembamba ni kwamba haivumilii kupindishwa. Kwa mkono ambao bado haujatulia, anza na 1.6, kisha shuka.

Unene huo unaingia pia kwenye hesabu ya chuma. Bomba la mita 6 ukitaka vipande 10 vya milimita 600 unahitaji mikato 9. Kwa diski ya milimita 3, milimita 27 zimekuwa vumbi, na kipande cha mwisho kinakuwa 573. Kwa ya 1.2 unapoteza kama 11. Kwa vyovyote vipande 10 kamili havipatikani, basi punguza kipimo cha kila kimoja tangu kwenye karatasi.

Usisage kwa ubavu wa diski ya kukatia. Imejengwa kubeba nguvu kutoka ukingoni. Ikisukumwa ubavuni hupata nyufa zisizoonekana, na hupasuka kwenye mkato unaofuata, mara nyingi ikiwa tayari mikononi mwa mtu mwingine. Kusaga kuna diski yake, nene ya milimita 6. Ukiona diski ya kukatia imeanza kuwa dhaifu ikiwa imebaki ndogo, si lazima iwe mbovu: ikiisha kutoka 115 hadi 80, ukingo unashuka kutoka mita 66 hadi 46 kwa sekunde.

Sasa unyevu. Resini hunyonya maji taratibu na kudhoofika, ndiyo sababu pete ya chuma iliyo katikati ya diski hupigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe. Katika mji wa bahari kama Mikindani au Kilwa Masoko, diski iliyoning'inizwa ukutani kwenye banda lisilo na dari tangu mvua za Desemba hadi Aprili si diski ile uliyoinunua. Soma pete kabla ya kulipa, hasa msimu wa korosho unapofungua mifuko ya watu na maduka yanapotoa nje mzigo wa zamani. Nyumbani, zilaze bapa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Iliyolowa usiianike juani ukaitumia; itupe. Na diski mpya, hata nzuri, iache izunguke sekunde 30 bila kukata, ikiwa imeelekezwa pasipo na mtu.

Chumvi ya hewani haiishii kwenye diski. Vumbi la chuma linaloingia kwenye mota hushika kutu na kuwa tabaka; beringi huanza kulia, kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota hung'ang'ania kwenye nyumba zake. Puliza matundu ya grenda kwa hewa kila ukimaliza kazi, na uifungie kwenye boksi.

Msumeno wa mkono hauna aibu

Umeme ukikatika, au kipande kikiwa kimoja tu, msumeno wa chuma humaliza kazi kabla waya wa grenda haujanyooshwa. Wanaouchukia mara nyingi wametumia blade isiyofaa. Kanuni ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya unene wa chuma kwa wakati mmoja. Blade ya meno 18 kwa inchi ina nafasi ya milimita 1.4 kati ya jino na jino, inafaa nondo na chuma kisicho na uwazi ndani. Ya meno 24 inafaa chuma cha pembe cha milimita 4. Kwa bomba la ukuta wa 1.5 chukua ya meno 32, na hata hiyo ilaze kwa mshazari ili ipite kwenye chuma kirefu zaidi. Ukiisimamisha wima meno yananasa na kung'oka.

Meno yaelekee mbele, blade ikazwe mpaka ilie ukiigonga kwa kidole, na mwendo usizidi mara 50 au 60 kwa dakika. Haraka zaidi ya hapo unapasha meno moto tu. Sukuma kwa uzito, rudi kwa wepesi, tumia urefu wote wa blade. Ikikatika katikati ya kazi, usiingize mpya kwenye mkato uleule: meno ya zamani yalikuwa yamelika pembeni, mfereji wake ni mwembamba, na mpya itakwama na kuvunjika papo hapo. Geuza chuma, anza upande wa pili. Blade za metali mbili hugharimu zaidi, lakini hupinda bila kukatika.

Shiti ya milimita 1 au pungufu mkasi wa bati unaitosha. Wenye mishikio ya njano hukata mnyoofu, mwekundu hupinda kushoto, wa kijani kulia.

Mashine ya mkono wa kushusha

Hii ni ile inayokaa chini, ina diski ya milimita 355 na jiliwa lake. Faida yake si kasi bali kurudia: ukifunga kizuio, vipande 20 vya grili vinatoka na urefu mmoja. Kama unatengeneza dirisha moja kwa miezi mitatu, huihitaji bado.

Ukiipata, pachika chuma ili diski ikutane na unene mdogo muda wote. Chuma cha pembe kiwekwe kama paa la nyumba, mgongo juu. Flati baa isimame kwa ubavu wake mwembamba. Ukiilaza, diski inapita kwenye upana wote, inapata moto na kuanza kuteleza badala ya kukata. Wala usiibebee uzito wa mwili: diski kubwa hupinda, na mkato unaoonekana mraba juu unakuwa umekimbia chini.

Kuna mashine inayofanana nayo yenye blade ya meno ya kabaidi, inayokata bila cheche nyingi na kuacha chuma karibu baridi. Hiyo huzunguka mara 1,300 hadi 1,500 kwa dakika, wakati ile ya diski ya resini huzunguka kama 3,800 au zaidi. Blade ya meno ikifungwa kwenye mashine ya kasi, meno yanatoka kama risasi. Usishawishiwe na kufanana kwa matundu.

Mashine ya wati 2,400 huvuta zaidi ya amperi 10 kwenye volti 230, na plagi ya amperi 13 inaibeba. Tatizo huwa waya wa kurefushia. Waya wa milimita mraba 0.75, mita 30 kutoka sebuleni hadi bandani, hupoteza volti 14 kwa amperi 10, na wati 140 zinabaki ndani ya waya kama joto. Ukiwa umeviringishwa, joto hilo halina pa kwenda. Wa 2.5 hupoteza kama volti 4. Nyoosha waya wote hata kama unatumia nusu yake.

Plazma na gesi

Plazma, mashine inayokata kwa mwali wa hewa iliyopashwa na umeme, inavutia, kusema kweli: inakata umbo lolote, shiti haipindi, mkono hauchoki. Ila ya amperi 40 hutaka karibu kilowati 4.5 kuingia, na nyingi huvuta zaidi ya amperi 20. Hiyo si plagi ya 13 tena. Inahitaji laini yake na breka yake, kazi ya fundi umeme. Inahitaji pia hewa ya lita 120 hadi 200 kwa dakika, kutegemea tochi, na kompresa ndogo ya kujazia matairi itakuwa inakimbizana nayo bila kupumzika.

Halafu pwani inadai chake. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa inayotoa lita 150 kwa dakika huvuta mita 9 za ujazo kwa saa, na ukiibana hewa hiyo, gramu 150 na zaidi za maji hubaki kwenye tanki na mabomba. Maji hayo yakifika kwenye tochi, elektrodi na pua yake huliwa upesi, mwali unayumba, mkato unakuwa na ndevu chini. Anayenunua plazma Lindi bila kichujio cha maji, na bila mazoea ya kufungua koki ya chini ya tanki kila siku, atalipa kwa vipuri vya tochi.

Gesi ya oksijeni na asetilini ni ya chuma kinene. Huchoma chuma kilichopashwa hadi kuwa chekundu kinachong'aa; haikati chuma cha pua wala alumini, kwa sababu oksidi zake haziyeyuki pamoja na chuma. Kwa milimita 2 za bomba ni kutumia shoka kumenya embe.

Cheche zinaenda wapi

Cheche za grenda huruka mita 10 bila shida, na zaidi wakati wa kusi. Banda la makuti, rundo la makumbi, nyavu zilizoanikwa, magunia yenye maganda ya korosho ambayo mafuta yake huwaka vizuri: hivi vyote ni majirani wa kawaida wa karakana za huku. Elekeza cheche kwenye ukuta wa tofali au bati lililosimamishwa. Vigae vyeupe vya baraza na kioo cha gari navyo vina kisa chao. Cheche hujizika juu yake, na baada ya usiku mmoja wa hewa ya bahari kila moja ni doa la kutu lisilofutika.

Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au kiyeyushi cha rangi si la kukatwa kwa grenda, hata kama liliachwa wazi mwaka mzima. Mvuke hukaa kwenye mikunjo ya mshono, na cheche moja inatosha. Kwa jiko la pipa tafuta lililobeba kitu kisichowaka.

Vaa miwani ya kinga inayofunika pembeni na, juu yake, ngao ya uso. Vizibo vya masikio. Nguo ya pamba isiyo na nyuzi zinazoning'inia. Glovu ya kufuma hunaswa na diski ikavuta kidole, ya ngozi iliyobana ni afadhali. Weka ndoo ya mchanga na ndoo ya maji karibu. Ukimaliza mkato wa mwisho, usifunge banda uende zako: kaa nusu saa, zunguka, nusa, gusa makuti ya upande ule cheche zilikoelekea.